Ubaki Dar au uende mkoani? Hatua za kufuata kabla hujanunua nyumba

“Nina milioni 45, ninunue Chanika au Morogoro?” “Mzee anastaafu mwakani, tuuze ya Tabata tuhamie Kibaha?” “Nimeona nyumba nzuri sana Bagamoyo, ila kazi yangu iko Posta. Nitaweza?”

Maswali haya nayapata karibu kila wiki. Nilipanga Dar miaka kumi na sita, kisha nikanunua Morogoro, na kila anayenifahamu akianza kuwaza kuhama ananipigia simu. Wote nawaelekeza njia moja, kwa hiyo nimeona niiandike, msomaji akae nayo nyumbani kwake, kalamu mkononi. Ukiifuata mpaka mwisho itakuchukua miezi mitatu au zaidi. Usione ni mingi.

Mfano wangu ni Dar es Salaam na miji inayofikika kutoka Dar, maana ndiko ninakokujua. Wewe unayechagua kati ya Arusha na Babati, au Mwanza na Sengerema, badilisha majina tu.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Daftari. La karatasi, siyo simu, kwa sababu mwenzako naye ataandika humo.
- Matumizi yenu halisi ya mwezi mmoja. Toa taarifa ya miamala ya simu na benki, usikisie. Nauli na vocha ndizo tunazozipunja kila tukikisia.
- Kitambulisho cha NIDA na namba ya mlipakodi (TIN). Kwenye uhamisho wa umiliki utavihitaji vyote viwili.
- Pesa ya pembeni, walau asilimia 10 ya bei ya nyumba. Hii ni ya wakili, upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, ushuru wa stempu, ada za uhamisho, gari la kuhamia na tanki la maji. Ukiwa na milioni 45, tafuta nyumba ya milioni 40.
- Mwenyeji mmoja wa huko unakotaka kwenda, ambaye hapati hata shilingi ukinunua.

Hatua ya 1: Andika wiki yako kama ilivyo

Siku saba mfululizo, andika kila safari: umetoka saa ngapi, umefika saa ngapi, umeenda kufanya nini, umelipa ngapi. Andika na za wengine wa nyumbani. Safari ya kliniki ya bibi iandike, na kwaya ya binti, na vikao vya harusi.

Wiki ikiisha, chukua kalamu ya rangi nyingine uzungushie kila safari ambayo lazima ifanyike Dar na lazima uwepo mwenyewe. Zilizobaki ziache.

Mimi nilifanya zoezi hili mwaka 2018. Nilijiona mtu wa Posta kila siku. Daftari likaniambia saa 23 za wiki ile nilikuwa kituoni au ndani ya daladala, na kati ya siku tano za kazi ni mbili tu zilizonidai nionekane ofisini kwa sura. Nilikaa kitandani nikihesabu upya mara tatu, nikidhani nimekosea. Bila zile saa 23 nisingehama. Ningebaki nalalamika foleni mpaka leo.

Kama safari ulizozungushia ni nne au tano kwa wiki, mkoani bado hakukufai, hata nyumba iwe nzuri kiasi gani. Ruka mpaka hatua ya 4 ufanye uchaguzi wako ndani ya Dar.

Hatua ya 2: Linganisha na Dar unayoimudu

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anailinganisha Morogoro na Sinza, au na Mikocheni alikokaa kwa kupanga, wakati pesa yake inanunua nyumba Chanika, Msongola, Toangoma au Madale ya ndani kabisa. Ile Dar ya maduka usiku kucha na hospitali dakika kumi siyo Dar utakayohamia. Utahamia kwenye Dar ya bodaboda mbili na barabara ya vumbi.

Kwa hiyo andika majina mawili tu kwenye daftari: mtaa wa Dar ambao pesa yako inaufikia, na mji wa mkoani unaouwaza. Pima muda mlango kwa mlango, kutoka nyumba yenyewe mpaka kiti chako cha kazi. Upime Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni. Ukiweza, upime mvua ikinyesha.

Onyo: usipime Jumapili ukiwa ndani ya gari la dalali. Kila mahali ni “dakika 40 tu” siku ya Jumapili.

Kwa Morogoro hesabu imebadilika tangu treni ya SGR, reli ya kisasa ya umeme, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Safari ile ambayo kwa basi, ukikutana na foleni ya Kibaha mpaka Mbezi, ilikuwa inameza nusu siku, sasa treni inaimaliza kwa muda usiofika saa mbili. Lakini treni ina saa zake, na stesheni ya Morogoro iko Kihonda. Ukinunua Bigwa, bado una safari ya kuvuka mji kabla hujaiona treni. Nyumba ya Kihonda na ya Bigwa kwa mtu wa treni ni kama miji miwili tofauti.

Hatua ya 3: Hesabu ya mwaka, siyo ya siku ya kununua

Nyumba ya mkoani huwa na bei nafuu siku unayolipa. Unafuu huo unaweza kuliwa na nauli kidogokidogo mpaka ukaisha. Tuchukue SGR ilivyoanza: nauli ya daraja la kawaida Dar–Morogoro ilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi 26,000. Weka 8,000 za bodaboda na daladala pande zote mbili. Siku moja ya kazi Dar ni 34,000.

Siku mbili kwa wiki: 68,000, sawa na 272,000 kwa wiki nne.
Siku tano kwa wiki: 170,000, sawa na 680,000 kwa wiki nne.

Wa kwanza anaweza kupumua. Wa pili ni kama amepanga nyumba ya pili Dar bila kulala humo. Kwangu mpaka ni siku mbili. Ya tatu ikianza kuwa mazoea, nyumba ya mkoani inageuka mzigo.

Kwenye hesabu hiyohiyo ongeza haya, ambayo watu huyasahau:

- Misiba na harusi. Kama ukoo wote uko Dar, utasafiri kwa kila tukio, na huwezi kutuma mchango tu ukakaa kimya. Mwaka wangu wa kwanza nilishuka Dar mara kumi na moja kwa misiba na vikao peke yake.
- Maji. Uliza bei ya dumu na ya boza kwenye mtaa wenyewe. Ya mji mzima haikusaidii.
- Wageni. Ukihamia mahali penye hewa nzuri chini ya Uluguru, tegemea ndugu kila likizo. Ni furaha, ila ni gunia la mchele.
- Kuuza tena. Nyumba ya mji mdogo huchelewa kupata mnunuzi. Kama unadhani utauza ndani ya miaka mitano, usinunue huko, panga.

Kodi ya jengo isikusumbue kichwa. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, mijini na mikoani vilevile. Kodi ya ardhi ndiyo inayotofautiana kwa eneo, kwa hiyo muulize muuzaji akuonyeshe risiti ya mwaka huu, na kama kuna malimbikizo ayalipe yeye kwanza.

Hatua ya 4: Kaa huko kabla hujanunua huko

Panga chumba, hata kimoja, miezi mitatu. Hakikisha ndani ya miezi hiyo kuna mvua: vuli ya Oktoba mpaka Disemba, au masika ya Machi mpaka Mei. Hii ni kwa Dar na kwa mkoani sawasawa.

Mimi nilipanga vyumba viwili Kihonda. Wiki ya tatu, saa tisa usiku, nikaamshwa na bomba la uani linakoroma na kutema hewa. Nikatoka na tochi. Mama wa nyumba ya pili alikuwa tayari ameketi kwenye kigoda, madumu sita yamepangwa kwa mstari, khanga begani. Akanitazama na ndoo yangu moja.

“Mwanangu, umekuja na ndoo?”

“Sikujua kama yatatoka, mama.”

“Hapa yanatoka Jumatano na Jumamosi, saa hizi. Alfajiri yameshakata. Kalete vyombo.”

Kabla sijalala nilikuwa nimeshajua siku za maji, jina la fundi wa matanki, na kwamba upande wa pili wa barabara maji yanatoka kila siku. Kwa wiki tatu nilikuwa nikimuuliza dalali habari za maji, na kila mara ananijibu, “Yapo, dada, ya kutosha.” Nyumba niliyoinunua baadaye iko upande wa pili wa ile barabara.

Na usidhani Dar imepona. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu uliposhuka, jiji zima lilikuwa kwenye mgawo. Swali ni hilohilo kote: siku ngapi, saa ngapi, na nyumba ina tanki la lita ngapi.

Kama kupanga hakuwezekani, lala nyumba ya wageni ya karibu siku mbili za katikati ya wiki, halafu urudi tena baada ya mvua kubwa. Tembea kwa miguu ukiangalia:

- Alama ya maji ukutani. Mstari wa tope, rangi mpya iliyoishia magotini, matofali yaliyolika chini. Angalia kwa majirani, maana ya kuuzwa imeshapakwa rangi.
- Nyufa kwenye kona za madirisha. Udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na msingi mwepesi haustahimili. Ukiona nyumba tatu mfululizo zina nyufa za mshazari, tatizo ni udongo.
- Korongo kavu. Korongo halikauki kwa hiari yake, linasubiri mvua. Dar tunayajua ya bonde la Msimbazi. Kwa miji ya chini ya mlima, kumbuka Katesh: Disemba 2023 tope lilishuka kutoka mlima Hanang likafukia makazi ya watu.
- Umbali kutoka mtoni. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto.
- Umbali kutoka barabara kuu. Hifadhi ya kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, lakini Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya ilihesabiwa mita 121.5, na 2017 watu walivunjiwa nyumba walizoishi miaka mingi. Pima umbali huo kwa futi kamba, na ukaulize TANROADS, wakala wa barabara kuu.

Hatua ya 5: Hospitali na shule

Kama nyumbani kuna anayehudhuria kliniki ya kudumu, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa unaouwaza uulize kama huduma ile ipo na hutolewa siku gani. Usiulize “Kuna hospitali?” Hospitali ipo kila mkoa. Mgonjwa wa moyo anayeonwa Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, au wa saratani anayetibiwa Ocean Road, safari zake zizungushie duara kwenye hatua ya 1.

Shule nazo, nenda ukazione mtoto akiwepo. Kuhamisha mtoto wa darasa la sita au kidato cha tatu ni kumwonea. Subiri amalize.

Hatua ya 6: Chunguza karatasi

Nyumba ya Dar na ya mkoani zinaweza kufanana kwa bati na kwa rangi, karatasi zake zikawa mbalimbali kabisa. Muulize muuzaji: una nini mkononi?

1. Hati miliki. Hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Angalia imebaki mingapi. Peleka nakala kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa, ufanye upekuzi. Utaambiwa mwenye jina ni nani, na kama benki au mahakama imeishika.

2. Leseni ya makazi. Utaikuta sana kwenye mitaa ya Dar isiyopimwa. Ni ya muda mfupi na huhuishwa. Inakutambua, ila siyo hati. Bei yake isiwe ya nyumba yenye hati.

3. Ofa ya zamani, yaani barua ya kugawiwa kiwanja. Uliza kwa nini haikugeuzwa kuwa hati. Wakati mwingine jibu ni uzembe, wakati mwingine kiwanja kina watu wawili.

4. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Hii ndiyo inayowaliza watu. Inaonyesha kwamba mlikutana mkauziana, haionyeshi kwamba aliyekuuzia alikuwa mwenye mali. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri uombe kuona mchoro: eneo limepangiwa nini? Kuna nyumba nzuri zimekaa juu ya soko au barabara ya kwenye mchoro.

5. Ardhi ya kijiji. Pembezoni mwa miji midogo utakutana nayo sana. Inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake. Mauzo yaliyoishia sebuleni kwa mwenyekiti hayakulindi. Omba muhtasari wa kikao.

Zungumza na majirani wa pande zote nne, mmojammoja, muuzaji asiwepo. Waulize mpaka uko wapi na nani alikaa hapo kabla.

Muuzaji akiwa na mwenza, mwenza asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa ni nyumba ya marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na warithi wajue. Kaka mkubwa wa familia peke yake hatoshi.

Hatua ya 7: Lipa kwa utaratibu

Mkataba uandikwe na wakili wako, siyo wa muuzaji. Uandike ndani yake nani analipa kodi ipi. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza, ni ya muuzaji, na bila cheti cha malipo yake kutoka TRA, mamlaka ya mapato, Msajili wa Hati hahamishi jina. Wauzaji wengi hushtuka wakilisikia hili mwishoni, wakataka kukusukumia wewe. Lisemeni siku ya kwanza. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wako.

Lipa kwa benki na kwa awamu, na bakaa kubwa ibaki mpaka nyaraka za uhamisho zisainiwe. Ukiombwa asilimia 10 ya bei kwa ajili ya serikali ya mtaa, omba kuonyeshwa sheria. Haipo.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kununua kiangazi. Kila korongo linapendeza mwezi wa nane.

Kununua uvumi. “Chuo kinakuja hapa, stendi inahamia hapa.” Kama kinakuja, kitakuwa kwenye mchoro wa halmashauri. Kama hakimo, lipa bei ya leo ya shamba.

Kuhamisha mstaafu peke yake. Mzee anapelekwa mkoani “akapumzike”, watoto wote wamebaki Dar, msikiti wake au jumuiya yake imebaki Dar. Nimeona wawili wakinyong'onyea ndani ya mwaka mmoja. Mzee aende kwanza miezi mitatu, aseme mwenyewe.

Kugawa pesa mara mbili: kiwanja kidogo Dar na kibanda mkoani. Vyote viwili vinabaki havijaisha.

Ukikwama

Mnabishana nyumbani, mmoja Dar mmoja mkoani. Rudini hatua ya 1, kila mmoja aandike wiki yake kivyake, kisha mbadilishane madaftari. Mara nyingi anayekataa kuhama ana safari moja ambayo mwenzake hakuijua. Kwetu ilikuwa mama mkwe: mume wangu alikuwa akipita kwake kila Alhamisi kumsomea dawa zake, na hajawahi kuisema.

Upekuzi umeonyesha nyumba iko rehani. Siyo lazima uache. Pesa iende moja kwa moja benki inayodai, benki ifute rehani, ndipo uhamisho uendelee. Muuzaji akikataa utaratibu huo, ondoka.

Muuzaji anakuharakisha, “kuna mtu analeta pesa kesho.” Mwache alete.

Miezi mitatu imeisha na bado hujui. Endelea kupanga hukohuko mpaka mvua nyingine. Kodi ya miezi sita ni ndogo kuliko ushuru na wakili wa nyumba utakayoijutia.

Umeshanunua, na umeona umekosea. Kwanza acha kujenga. Usiongeze uzio wala chumba kwa matumaini kwamba utazoea. Pili, kamilisha hati ikiwa haijakamilika, kwa sababu nyumba isiyo na hati utaiuza kwa hasara mara mbili. Tatu, tafuta mpangaji. Morogoro, kwa mfano, kuna wafanyakazi na wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe wanaotafuta nyumba kila muhula. Kodi yao ikulipie sehemu ya pango la kule unakotakiwa kuwa, na tangazo la kuuza ulitoe mwezi wa sita, barabara ikiwa imekauka na mnunuzi anaweza kufika mpaka mlangoni. Mwambie ukweli kuhusu maji.